Sahani ya Ijumaa ya Baba Askofu

Jumatatu, Oktoba 7

Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kumdanganya Askofu. Piga mstari hapo. Miaka ishirini na moja nimemwendesha, penye barabara na pasipo barabara, na halijatoka neno la uongo kinywani mwangu likaingia sikioni mwake.

Daftari nimepewa na binti yangu, muuguzi, aliyechoka kunisikia nikirudia hadithi zilezile wakati ananipima presha. "Andika, Baba," kaniambia. "Karatasi haina pa kukimbilia." Shule niliiacha darasa la tano, kwa makubaliano kati yangu na mwalimu: yeye aache kunichapa, mimi niache kuja. Kwa hiyo herufi zitapinda. Anayetaka zilizonyooka akasome za Askofu.

Nimesoma tena hapo juu. Haya, nimemdanganya. Kuhusu tairi, kuhusu kwa nini tulichelewa, kuhusu nani alimega keki ya arusi kabla ya maharusi. Hizo ni za kawaida, dereva asiyezisema bado yuko kwenye mafunzo. Uongo mkubwa ni mmoja tu. Huo nitauandika nikipata kalamu nzuri zaidi.

Jumanne, Oktoba 8

Mawingu. Goti la kushoto linasema mvua itanyesha, la kulia linabisha.

Ijumaa, Oktoba 11

Leo ni Ijumaa, siku yangu ya kula kwa Askofu.

Ieleweke: Askofu mstaafu anakaa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kanisa kuu, yeye na vitabu vyake, tangu Mama Askofu atutoke. Ana miaka themanini na mmoja, mimi sabini na minane. Kila Ijumaa hali kitu mpaka jua lizame. Chakula chake cha mchana ananipa mimi. Ndivyo ilivyokuwa hata tulipokuwa safarini. Watu wanachinja, wanapika, wanamwekea mbele paja la kuku kubwa kama kiatu, naye anasukuma sahani kwa kidole: "Breki, nisaidie." Nimemsaidia kwa moyo wote. Kitambi hiki changu ni cha Ijumaa, siku nyingine zimechangia kidogo.

Breki ndilo jina nililopewa na Mama Askofu siku niliposimama ghafla na kofia yake ikaenda kugonga kioo cha mbele. La kuzaliwa analijua binti yangu na serikali.

Leo nilimkuta mgeni mezani, kasisi kijana kutoka ofisi ya dayosisi, na kompyuta mapajani. Dayosisi inatimiza miaka mia Jumapili ya Novemba 24. Wanataka maisha ya Askofu yaandikwe na kusomwa siku hiyo, kisha mwenyewe aseme machache.

"Baba Askofu, tuanze mwanzo. Ulizaliwa wapi?"

"Jikoni," nikajibu mimi.

"Mzee Breki, samahani, swali halikuwa lako."

"Lakini jibu ni hilohilo," Askofu akasema. "Baba yangu alikuwa mpishi wa shule. Mama alimpelekea kuni, uchungu ukamkuta pale. Nimezaliwa kati ya sufuria la maharage na gunia la chumvi."

Kasisi akawaza. "Niandike, 'alizaliwa katika mazingira ya kawaida'?"

"Andika sufuria," Askofu akasema.

Jumapili, Oktoba 13

Mvua imekuja na magoti yote mawili yamekubaliana. Bati linavuja juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda. Sasa linavuja juu ya kitanda.

Alhamisi, Oktoba 17

Kasisi wa Kompyuta amenifuata nyumbani, anataka "kumbukumbu za dereva". Nimempa. Kwamba Askofu alianza kama mwalimu wa hesabu. Kwamba alipokuwa kasisi alikuwa na makanisa tisa na baiskeli moja, na mnyororo wa baiskeli ulimwelewa Mungu kuliko Wakristo wake. Kwamba haimbi, analia kwa mpangilio. Kwamba kwenye kipaimara hamwekei mtoto mikono kichwani mpaka mtoto aseme jina lake mwenyewe na lisikike mpaka benchi la nyuma. Watoto mia, wengine wana aibu, mmoja anakojoa kabisa, naye anasubiri. "Sema jina lako, mwanangu. Mungu hana haraka."

Dereva je? Yeye anayo. Ndiyo maana tulikuwa na mpango wetu. Akivuka dakika kumi na moja za mahubiri, mimi benchi la nyuma natikisa funguo za gari. Akizisikia anasema Amina hata kama Musa bado yuko katikati ya bahari.

Nikamweleza pia habari ya soksi. Siku anawekwa kuwa askofu, miaka thelathini na miwili iliyopita, tuko chumba cha kuvalia, maaskofu wageni wamejaa na majoho yao. Mama Askofu anamkagua mumewe, anakuta soksi zimetoboka visigino vyote viwili. Na mtu anayewekwa wakfu anapiga magoti muda mrefu, viatu amevua, miguu inawatazama waumini. Mama akaniangalia mimi. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori la dayosisi, nimekuja kushusha viti. Nikavua zangu pale pale, nyeusi, mpya. Mke wangu, apumzike, alikuwa ameshona uzi mwekundu ndani ya pindo ili majirani wasizichukue kambani.

"Nitakurudishia jioni," Askofu akaniambia.

Jioni hiyo mpaka leo haijafika.

"Hili la soksi sidhani kama litaingia kitabuni," Kasisi akasema.

"Kitabu chenu, hasara yenu."

Ijumaa, Oktoba 18

Sijui nianzie wapi.

Kasisi aliondoka mapema kwa sababu ya mvua. Tukabaki wawili. Mezani wali, mchuzi wa nyama, sahani yangu. Askofu na glasi yake ya maji.

"Breki, siku ile nitasimama niseme."

"Sema, mzee. Ila usivuke dakika kumi na moja."

"Nitasema habari ya fimbo."

Kijiko kikasimama njiani.

Mgeni wa daftari hili lazima aelezwe. Dayosisi yetu ina fimbo ya uchungaji, fimbo ndefu nyeusi yenye kichwa kilichopinda, anayoishika askofu akiwa kanisani. Alikuja nayo askofu wa kwanza, ikapita mkono kwa mkono. Ni vipande vitatu vinavyounganishwa kwa pete za shaba, ili ikae sandukuni wakati wa safari. Watu wanaipenda. Vikongwe wanaigusa wanapopita. Siku ya sherehe itawekwa mbele, juu ya kitambaa cheupe, na maua.

Ila ile ya askofu wa kwanza haipo. Hii iliyopo niliitengeneza mimi.

Miaka thelathini na moja iliyopita, Askofu akiwa na mwaka mmoja kitini, tulikwenda kwenye kipaimara ng'ambo ya mto usio na daraja. Sanduku la fimbo likachukuliwa na maji. Sinodi wakati ule nusu yake haikumtaka, walimwita mtoto wa jikoni. Wangesikia amepoteza fimbo ya miaka sabini wangemla bila chumvi. Mimi nilikuwa nimejifunza useremala kabla ya usukani. Nikamwambia, "Baba, nipe wiki tatu." Nikajifungia bandani kwa fundi aliyenifundisha. Mti nilitoa kwenye mguu wa kitanda cha zamani, pete nilikata kwenye radieta ya lori bovu, weusi ni dawa ya viatu, nimepaka mara nne. Hakuna aliyegundua. Hiyo ndiyo siri yetu, watu wawili tu.

"Nitawaambia niliipoteza kwa uzembe wangu," Askofu akasema leo. "Niliiacha juu ya boneti nikaenda zangu. Halafu nikawaficha miaka yote hii. Siwezi kukaa mbele yao wanasomewa maisha yangu mazuri, na fimbo ile inanitazama."

"Utawaharibia sherehe."

"Breki, mimi nafunga kila Ijumaa tangu siku ile. Ulidhani ni kwa nini?"

"Nilidhani ni tumbo."

"Tumbo!"

"Wazee wengi wana tumbo."

"Niliahidi kwa Mungu. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Nilisema sitakula mchana wa Ijumaa mpaka nitakapowaambia ukweli. Nimechelewa, lakini nitawaambia."

Akacheka, akanisukumia bakuli la mchuzi. "Kula, bwana, inapoa."

Nikalifunika bakuli. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimelowa mpaka mfukoni.

Jumamosi, Oktoba 19

Kalamu nzuri zaidi haipo. Naandika na hii.

Askofu hakuacha sanduku juu ya boneti. Yaani aliliacha, ndiyo, alipovua viatu na kukunja suruali. Watoto walikuwa wanamsubiri tangu asubuhi, wazee wa kanisa wakamshika mkono kutoka ng'ambo, akavuka peku, akaenda nao. Mimi nikalichukua sanduku, nikalifunga ndani ya gari. Hilo hakuliona.

Kisha nikajaribu kuvusha gari. Likazama katikati. Maji yanapanda. Jeki nikaiweka ikamezwa na tope kama kidonge. Gari lilikuwa jipya, la kwanza tulilowahi kuwa nalo lisilohitaji kusukumwa. Nikatafuta jiwe, gogo, chochote. Matete tu. Nikafungua sanduku.

Kipande cha kati kilikuwa kinene kuliko vyote. Nikakiingiza chini ya ekseli, nikakibonyeza kwa uzito wangu wote. Kiliinua gari. Nasema kweli, kwa kama pumzi tatu kiliinua gari. Kisha kikavunjika, na sauti yake naisikia mpaka leo nikivunja kuni.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Nikachukua cha chini. Kikavunjika pia.

Kikabaki kichwa, kile kilichopinda. Kilinitazama. Nikakitupa mtoni, na vipande, na sanduku lake. Pete moja ya shaba ilibaki imenasa kwenye pindo la suruali, nikaiona jioni. Iko kwenye kopo langu la misumari.

Dakika kumi baadaye wakaja wanaume wa kanisa na kamba, wakalitoa gari wakiimba.

Nilipofika, Askofu alikuwa tayari amevaa joho. Akaniona mikono mitupu. Sikuwa nimesema neno. Akajishika kichwa: "Mungu wangu! Niliiacha juu ya boneti!"

Nikasema, "Maji yalikuwa mengi, Baba."

Na hiyo ni kweli, yalikuwa mengi. Ningeishia hapo ningejitetea hata mbinguni. Lakini nikaongeza: "Nililiona likienda."

Akapiga magoti pale kwenye tope na joho lake jeupe. Nadhani ndipo alipoahidi hiyo ahadi yake. Kisha akaazima fimbo ya mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa anashangaa mlangoni, akaingia nayo kanisani, akawauliza watoto mia na kumi na wawili majina yao, mmoja mmoja. Baada ya ibada wakatuandalia kuku. Akasukuma sahani.

Nikala.

Nimekaa leo nikiwaza: miaka yote nimemwona ni mzee wa dini tu, watu wa dini hufunga, ndiyo kazi yao. Kumbe alikuwa anakaa na njaa kwa kosa langu, na mimi nimekaa mbele yake nalamba mfupa.

Jumatatu, Oktoba 21

Mvua.

Jumanne, Oktoba 22

Mvua. Nimefika mpaka mlangoni kwake kumwambia. Nikamrekebishia bawaba nikarudi.

Ijumaa, Oktoba 25

Nimekataa chakula. Nikasema tumbo.

Askofu akaingiwa na wasiwasi kweli. Akaniwekea mkono tumboni, mkono wake mzito ule, akamwombea kitambi changu afya kwa dakika nne. Sijawahi kuombewa kitu kisichostahili namna ile.

"Umri, Breki," akasema. "Tunakwisha."

Jumatano, Oktoba 30

Binti yangu amepima presha mara mbili, akakitazama kipimo, akanitazama mimi.

"Baba, umefanya nini?"

"Kwani presha inasema nimefanya kitu?"

"Presha haisemi. Uso ndio unasema."

Nikamweleza yote. Huyu binti kazini kwake huwaambia watu habari ngumu kila siku, hapigi kelele. Akakunja mpira wa kipimo, akaniuliza: "Akisimama siku ile akajilaumu mbele ya watu wote, wewe utakaa benchi lipi?"

"La nyuma. Ndilo langu."

"Utaweza kukaa?"

Nikamwambia chai imepoa.

Ijumaa, Novemba 1

Nilikwenda nimejiandaa. Nikamkuta na wazee wa kamati wanapima kofia yake ya sherehe. Kichwa kimepungua, inamshukia machoni. Akaniuliza kama nataka kucheka. Nikacheka. Sikusema.

Ijumaa, Novemba 8

Nimesema.

Mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele mpaka unasogeza sikio. Askofu alinipakulia mwenyewe: wali, maharage, kipande cha samaki. Akakaa mbele yangu na glasi yake. Nikatoa pete ya shaba mfukoni nikaiweka pembeni ya sahani.

"Nini hiki?"

"Baba, siku ya mtoni, sanduku halikuwa juu ya boneti."

"Nini?"

Na hilo bati! Ikabidi nikiri dhambi kwa kupiga kelele kama muuza magazeti. "Sanduku! Halikuwa juu ya boneti!"

"Lilikuwa wapi?"

"Fimbo ilikuwa chini ya gari! Niliinulia gari! Nikaivunja! Nikaitupa!"

Mvua, kwa ujeuri wake, ikapungua hapohapo. Neno "nikaitupa" nililisema ndani ya nyumba kimya kabisa.

Askofu akachukua pete. Akaizungusha, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akarudi. Nilimjua miaka yote, nimemwona kwenye misiba na kwenye vurugu za sinodi, sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa kama uso wa mtoto wa hesabu aliyegundua kitabu kina majibu ya uongo.

"Ulisema uliliona likienda."

"Nilisema."

"Miaka thelathini na moja."

"Ndiyo, Baba."

"Mara hamsini na mbili." Alikuwa anapiga hesabu kweli, midomo inacheza. "Ijumaa elfu moja mia sita na kumi na mbili."

"Toa ya Krismasi iliyoangukia..."

"Nyamaza, Breki."

Nikatazama samaki.

"Na kila Ijumaa ulikula."

"Ulinipa mwenyewe, Baba."

Hilo sikupaswa kulisema. Akanyoosha mkono, akavuta sahani yangu mpaka upande wake. Akachukua kijiko changu. Akala. Alikula wali wote, maharage yote, akachambua samaki mwiba kwa mwiba, akafuta sahani. Mimi nimekaa natazama mtu akila, kazi ambayo kumbe ni ngumu sana.

Alipomaliza akasema, "Nenda nyumbani."

Mlangoni nikageuka. Alikuwa amevaa pete ile kwenye kidole gumba, anaitazama.

Jumapili, Novemba 10

Nilikaa benchi la nyuma. Alipita na fimbo yake ya kutembelea, hakunitazama. Mvua.

Jumanne, Novemba 12

Mvua. Tope limefika kizingitini.

Ijumaa, Novemba 15

Nilikwenda saa yangu ya kawaida. Kasisi wa Kompyuta akanifungulia nusu ya mlango.

"Samahani, Mzee Breki. Baba Askofu yuko mezani."

"Mezani anafanya nini?"

"Anakula." Akapunguza sauti. "Mchana, Ijumaa. Sahani mbili. Ofisini wote tunashangaa. Unajua kuna nini?"

"Labda ana njaa," nikasema.

Nimerudi nyumbani, sikula mpaka jua lilipozama. Si kwa utakatifu. Nilitaka kujua tu inakuwaje. Saa nane mchana ni mbaya. Saa kumi unamchukia kila mtu anayetafuna. Naye saa kama hizo alikuwa anauliza watoto majina kwa upole.

Jumatano, Novemba 20

Kasisi amekuja, viatu mkononi kwa tope. Hotuba ya Askofu haiandikiki, anasema. Kila akimpelekea karatasi, mzee anachana.

"Amekutaja kama dereva mwema, ukurasa wa tisa. Jana nikamuuliza, nikitoe hicho kipande?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Acha. Na uongeze soksi.'"

Nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho sikukihitaji, nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Jumapili, Novemba 24

Watu walijaa mpaka nje, miavuli imebanana kama uyoga. Fimbo imelazwa kwenye kitambaa cheupe. Kasisi akasoma maisha. Sufuria limo. Soksi zimo, watu wakacheka, nikainama. Akasoma mpaka Askofu alipostaafu na kumkabidhi fimbo Askofu mpya, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Kisha mzee mwenyewe akasimama. Kofia imepunguzwa, lakini bado inamezea masikio. Akaichukua fimbo mezani, akaegemea.

"Wapendwa, hii fimbo siyo ile."

Miavuli ya nje ikasogea mlangoni.

"Ile ya askofu wa kwanza ilipotea safarini, mwaka wangu wa pili. Ilikuwa chini ya ulinzi wangu. Mwenye ulinzi ndiye mwenye kosa, sitaki kusikia jina la mtu mwingine. Niliogopa maneno yenu, nikawaficha. Hii mliyoigusa ni mguu wa kitanda na radieta ya lori. Imetengenezwa na mikono inayojua kazi. Ya zamani imebaki hii tu." Akainua kidole gumba, pete ya shaba ikang'aa. "Nawaomba radhi."

Wengine walianza kunong'ona. Mzee mmoja wa kamati, wa mbele, akatikisa kichwa, na kutoka nyuma nikakijua kile kichwa: ni cha watu wa sinodi ile ya zamani. Askofu akakiona pia. Akaonekana mdogo. Na angeweza kunitaja. Neno moja tu, dereva, na lawama yote ingenijia mimi.

Mimi mfukoni bado natembea na funguo za gari lile, ingawa liliuzwa chuma chakavu. Nikazitoa. Nikazitikisa.

Askofu akanyanyua uso. Kwa mazoea akasema, "Amina." Watu nao, "Amina." Nami nikasimama, magoti yote mawili yanapinga.

"Niliivunja mimi!"

Shingo zote zikageuka.

"Gari lilizama, nikainulia gari! Yeye alikuwa ameshavuka anabariki watoto wenu! Nikamdanganya, akaamini ni yeye! Na kila Ijumaa amekaa na njaa kwa ajili hiyo, na chakula chake nimekula mimi! Mnaona hiki?" Nikajipiga kitambi. "Hiki ni chake!"

Sijui kilichotokea kwanza. Nadhani binti yangu alicheka, akiwa na mkono mdomoni. Kisha kanisa lote.

"Kaa chini, Breki," Askofu akasema kutoka mbele. "Nilikuwa bado na dakika nne."

"Ulisema hutaki kutaja mtu."

"Sijakutaja. Umejitaja mpaka barabarani."

Askofu mpya, kijana wa miaka sitini, akaja akaipokea fimbo. Akainusa, mbele ya watu. "Miaka kumi na mmoja," akasema, "nimejiuliza kwa nini fimbo hii ikipigwa na jua inanuka viatu." Akasubiri kicheko kitulie, kisha akatoa baraka nayo ileile. Yule mzee wa kamati akainamisha kichwa kama wengine.

Nje Askofu alinipita kwenye umati. Hakusimama. Alinigonga kidogo tu na kiwiko, kwa makusudi.

Jumatatu, Novemba 25

Mvua ndogo. Nimelala mpaka saa tatu.

Ijumaa, Novemba 29

Saa sita mchana mlango ukagongwa. Askofu, peke yake, mwavuli umepinduka, suruali imekunjwa.

"Nina njaa," akasema.

"Karibu, Baba. Umetembea yote hiyo?"

"Dereva wangu ni mstaafu."

Nikapika: wali, mayai, viazi. Nikaweka sahani mbili. Akaivuta moja, na ya pili akaivuta.

"Ijumaa elfu moja mia sita na kumi na mbili," akasema akitafuna. "Tukianza leo, utamaliza ukiwa na miaka mia na tisa."

"Na wewe?"

"Mia na kumi na mbili. Ndiyo maana lazima nile vizuri, nifike."

"Baba, ulikasirika sana?"

"Si kwa fimbo. Nilikasirika kwamba uliona napiga magoti kwenye tope na hukuja kupiga magoti na mimi." Akanyanyua kijiko. "Umekuja Jumapili. Umechelewa kama kawaida. Kuna chumvi?"

Nikampa chumvi. Akavua pete kidoleni, akaiweka mezani: Askofu mpya anataka niiingize kwenye fimbo, mahali pa ile ya radieta. Nimeipima, itaingia kwa kupigwa tupa kidogo. Nitaanza Jumatatu, nikiwa nimeshiba.

Alipokuwa anakula viatu vyake vilikuwa mlangoni vinachuruzika maji, na miguu yake chini ya meza. Soksi nyeusi. Zimetiwa viraka mpaka viraka vimetiwa viraka. Pindo moja lilikuwa limegeuka, na ndani yake niliona uzi mwekundu.

Nikamwongezea viazi. Mtu akiwa anakula usimsumbue.

Lakini daftari hili najua utalisoma, mzee, maana umeniuliza mara mbili nalificha wapi. Basi soma hapa. Kosa langu nimelikiri bila kutajwa, Ijumaa zangu nimezianza. Sakafu yangu ni ya saruji na mvua haijaisha. Naomba soksi zangu. Ukiona zote mbili ni shida, nirudishie ya kushoto tu, ya goti linalojua mvua.